Uhuru wa kufanya nini?

Mazungumzo yetu ya juma, kama yalivyosomwa redioni Jumapili jioni

Ndugu msikilizaji, mwezi uliopita tulilifungua sanduku la bati la marehemu babu yangu. Sanduku hilo lilikaa juu ya kabati nyumbani kwa baba tangu mzee alipofariki mwaka 1996, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuligusa, mpaka mvua ilipovuja darini ikatulazimisha. Ndani mlikuwa na koti la kaki, stakabadhi za kodi, tasbihi iliyokatika uzi, na kadi ya TANU. Kingo za kadi zimeliwa na mende, lakini ukurasa wa ada unasomeka. Mwezi baada ya mwezi, mzee amelipa. Katika mwaka 1957 imerukwa miezi miwili tu, na baba anasema hiyo ndiyo miezi aliyolala kitandani baada ya kuangukiwa na gunia bandarini.

Binti yangu, mwenye umri wa miaka 19 na anayesoma chuo hapa mjini, akaishika ile kadi kama mtu anayeshika yai. Akaniuliza, "Baba, alikuwa analipia nini?"

Nikamwambia, "Uhuru."

Akafikiri kidogo. "Uhuru wa kufanya nini?"

Mimi natangaza redioni kwa zaidi ya miaka 20, na neno uhuru nimelitamka katika kipaza sauti mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe. Siku hiyo nilifungua mdomo na jibu halikutoka. Baba yangu, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akinyoosha mgongo, alicheka akasema, "Mjibu mwanao, mtangazaji."

Basi leo nataka kujaribu kumjibu, nawe msikilizaji uwe shahidi. Nimegundua kwamba sisi sote watatu, yaani mzee wa kadi, mwanawe na mimi, tumekuwa tukilitumia neno moja kwa maana zisizolingana, na huyu binti amekuja na maana yake ya nne.

Lakini neno lenyewe lina umri mkubwa kuliko TANU. Kabla halijawa neno la mikutano ya hadhara lilikuwa neno la mahakamani. Huku kwetu pwani aliyekuwa huru ni yule ambaye hakuwa mtumwa. Mwezi Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri ya kuondoa nguvu ya kisheria ya utumwa katika Unguja na Pemba. Watoto wetu wakiisoma habari hiyo shuleni hudhani kwamba asubuhi yake watu walitupa majembe wakaondoka wakiimba. Sivyo. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake utambuliwe. Masuria hawakuhesabiwa katika amri hiyo, wakangoja mpaka mwaka 1909. Na aliyepewa uhuru alitakiwa kulipa kodi, tena aonyeshe kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki. Akishindwa, atahesabiwa mzururaji.

Tazama jambo hilo, msikilizaji. Uhuru unakuja na swali mkononi: unakaa wapi, na unafanya kazi gani? Naomba ulihifadhi swali hilo, maana tutakutana nalo tena hapa hapa Dar es Salaam, miaka 86 baadaye, likimwuliza baba yangu.

Hapa bara utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922, wakati Waingereza wameshashika utawala kutoka kwa Wajerumani. Kwa hiyo babu yangu, aliyezaliwa muda si mrefu baada ya hapo, alikua miongoni mwa wazee ambao neno uhuru kwao halikuwa la siasa hata kidogo. Lilikuwa ni habari ya fulani na ukoo wake, na mara nyingi jambo la kunong'onezana. Hadi leo ziko familia katika miji ya pwani ambazo hazipendi kuulizwa babu wa babu alikuwa nani.

Sasa mtu wa namna hiyo alipomsikia Mwalimu Nyerere akilitamka neno hilo katika kiwanja, mchana kweupe, na kulifanya kuwa la watu wote, alisikia nini? Nilimwuliza babu nilipokuwa kijana wa sekondari, mwaka mmoja hivi kabla hajafariki. Nilitegemea atanieleza habari za katiba na bunge. Akaniambia, "Bwana mdogo, nilichoka kuitwa boi na mtoto niliyemzidi umri mara mbili."

Hilo ndilo lililokuwa jibu lake. Wakati huo lilinipita kando. Nikadhani mzee amechoka na maswali.

Wakati ule mji huu uligawanywa. Uzunguni walikaa wazungu, Uhindini walikaa Wahindi, na sisi tulikuwa Uswahilini, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Babu alikuwa kuli bandarini, akirudi jioni Kariakoo kwenye chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita. Alivuka uwanja huo kila siku kwenda kazini na kurudi, na ndipo alipohudhuria mikutano yake ya kwanza. TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata Mwalimu alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi akaacha kufundisha Pugu. Babu alikuwa akisimulia jambo hilo la kuacha mshahara kwa mshangao uliokuwa haujaisha hata baada ya miaka 40. Mtu mwenye shahada, tena aliyesoma Ulaya, anaacha mshahara! Kuli ambaye hesabu ya siku yake ilikuwa magunia alielewa uzito wa jambo hilo kuliko hotuba yenyewe.

Na liko jambo jingine ambalo vijana wetu hawaelezwi vya kutosha. Mwaka 1958 Mwalimu alishtakiwa kwa maneno aliyoandika katika gazeti dogo la chama lililoitwa Sauti ya TANU, akiwalaumu mabwana shauri wawili wa serikali ya kikoloni. Alipatikana na hatia akatozwa faini ya shilingi 3,000, au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Yaani baba wa taifa hili aliwahi kuhukumiwa kwa kosa la kuandika. Kila ninapoketi mbele ya kipaza sauti hiki hulikumbuka jambo hilo, ingawa, kama utakavyosikia, si mara zote limenisaidia.

Kwa hiyo uhuru wa babu ulikuwa heshima, na ulikuwa wa wingi. Sikumbuki hata mara moja akisema "uhuru wangu." Alisema "tulipopata uhuru," kama mtu anavyosema "tulipopata mvua." Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 alimbeba baba yangu mabegani, mtoto wa miaka tisa tayari, mzito, ili aone bendera. Baba anakumbuka zaidi kwamba alibanwa na haja ndogo na hakuthubutu kusema.

Baada ya bendera yakafuata mambo ambayo kwetu leo ni magumu kueleweka. Katiba yetu haikuwekewa tamko la haki za binadamu. Viongozi walikataa, wakisema nchi changa na maskini haiwezi kufungwa mikono na mahakama kila inapotaka kuleta mabadiliko. Mwaka 1962, wakati hata mwaka wa kwanza wa uhuru haujatimia, ikapitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1965 vyama vikawa kimoja kwa sheria. Mwaka 1973 ikatangazwa kwamba kuhamia vijijini ni amri, na mamilioni wakahamishwa. Neno lililotangulia lilikuwa Uhuru, sasa likawa Uhuru na Kazi, na ilipotokea haja ya kuchagua, kazi ilitangulia.

Je, babu alinung'unika? La hasha. Na hapa sitaki kumdharau kama wanavyofanya baadhi ya wasomi wetu, wanaosema wazee walidanganywa. Mzee aliyemwona mwanawe akiingia shule bila kuulizwa rangi, aliyeweza kuvuka Mnazi Mmoja na kuendelea mpaka Oysterbay bila mtu kumwuliza anatafuta nini, kwake deni lilikuwa limelipwa kwa sehemu kubwa. Tena alijivuna kwamba mji wake ndio uliokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1963. Redio yetu ilirusha matangazo ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Msumbiji ilipopata uhuru, Juni 1975, babu alichinja kuku wawili, na hakuwa na ndugu hata mmoja ng'ambo ya Ruvuma.

Mara moja tu, anasema baba, alimwona mzee akiyumba. Ilikuwa ni habari ya Bibi Titi Mohamed. Mama huyu ndiye aliyewatoa wanawake wa mji huu majumbani na katika vikundi vyao vya ngoma akawaingiza TANU kwa maelfu. Babu mwenyewe alikubali kwamba mkewe alipata kadi kabla yake. Mwaka 1969 Bibi Titi alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha mwaka 1972 akaachiliwa kwa msamaha wa Rais. Siku hukumu iliposomwa redioni, bibi yangu aliinuka akaenda jikoni. Babu akaizima redio. Baba, kijana wa miaka 19 wakati huo, akauliza kulikoni. Mzee akasema, "Serikali inaona mbali kuliko sisi." Halafu hawakuzungumza tena habari hiyo katika nyumba ile. Leo barabara mojawapo kubwa ya katikati ya jiji inaitwa kwa jina la mama huyo, na makondakta wa daladala hulitamka kutwa nzima.

Ndipo nije kwa baba. Huyu hakuuomba uhuru, aliukuta. Na kwa kweli aliukuta ukiwa na foleni: ya sabuni, ya sukari, ya unga wa yanga. Mwaka 1983 Bunge lilipitisha sheria ya nguvukazi, na katika mji huu msako ukapita mitaani. Kila mtu mwenye nguvu zake alitakiwa kuonyesha kitambulisho cha kazi. Baba alikuwa fundi viatu chini ya mwarobaini, ana wateja wake, analipa pango, analisha mke na watoto watatu. Lakini kazi ya chini ya mwarobaini haikuwa na kitambulisho. Akaulizwa: unakaa wapi, unafanya kazi gani? Akapakiwa kwenye lori pamoja na wengine, wakapelekwa mashambani. Alirejea baada ya wiki tatu, nywele zimejaa vumbi jekundu. Nilikuwa na miaka minne, nikamkimbia kwa kutomtambua.

Nilipokuja kuisoma ile amri ya Zanzibar ya mwaka 1897, nikiwa natafuta habari za kipindi fulani, nililiweka kando karatasi nikatoka nje. Swali lilikuwa lile lile. Sisemi kwamba mambo hayo mawili ni sawa. Mmoja alikuwa ametoka katika umiliki wa mtu, mwingine alikuwa raia wa jamhuri yenye wimbo wake wa taifa. Lakini kwa fundi viatu aliyeketi ndani ya lori, tofauti hiyo haikuonekana upesi.

Kwa hiyo wakati wa baba, uhuru ulibadilika ukawa nafasi ya kupumua. Alipoingia Rais Ali Hassan Mwinyi mwaka 1985 na milango ya biashara ikafunguliwa, watu wakampa jina la Mzee Ruksa, na mpaka alipofariki, Februari 2024, jina hilo lilikuwa la mapenzi. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa mitumba, ruksa kuketi chini ya mwarobaini wako. Baba alinunua redio kubwa ya kaseti, akatundika picha ya Mzee Ruksa juu yake, na haijashuka ukutani hadi leo.

Mimi nilipokua nilianza kulitilia shaka neno hilo. Ruksa hutolewa. Mwenye kuitoa anabaki na ufunguo. Baba hujibu kwamba hayo ni maneno ya mtu aliyekula akashiba, na huenda ana haki.

Haki nyingine zilikuja taratibu, tena bila baba kuziona. Tamko la haki za binadamu liliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kulitumia mwaka 1988. Kisha ikaundwa Tume ya Jaji Nyalali kuuliza wananchi kama wanataka vyama vingi. Msikilizaji utakumbuka matokeo yake: katika kila watu kumi waliotoa maoni, wanane walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, ikataja na sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa, na mwaka 1992 vyama vikaruhusiwa. Baba alikuwa miongoni mwa wale wanane. Hakuwa mjinga wala mwoga. Aliogopa vurugu, akaona kwamba ruksa aliyokwisha kuipata inatosha. Watu waliowahi kupakiwa kwenye lori hawapendi kuitikisa meza.

Nami sasa. Niliingia kazini mwaka 2003 nikiwa na stashahada yangu ya uandishi wa habari, suruali moja ya maana na imani kubwa. Redio za binafsi zilikuwa zimeruhusiwa kwa sheria ya mwaka 1993, na kufikia wakati wetu kila mtaa ulikuwa na stesheni yake. Kitu kilichotulewesha vijana wa wakati ule kilikuwa simu. Msikilizaji anapiga, anaingia hewani moja kwa moja, anasema analotaka. Hapakuwa tena na mzee wa kukagua barua kwa kalamu nyekundu. Muuza samaki wa Feri anamlaumu waziri kwa jina! Nilikuwa nikirudi nyumbani usiku nikimsimulia babu kimoyomoyo: mzee, haya ndiyo uliyoyalipia.

Sasa nitakwambia jambo ambalo sijapata kulisema hewani, na wenzangu walioko nyuma ya kioo wananitazama.

Ilikuwa mwaka 2017. Zilikwisha kupita sheria mbili, ya makosa ya mtandao mwaka 2015 na ya huduma za habari mwaka 2016, na magazeti kadhaa yalikuwa yamefungiwa kwa muda. Stesheni niliyokuwa nikifanya kazi, ambayo si hii, ilikuwa na kipindi cha asubuhi cha kero za wananchi. Akapiga simu mama mmoja kutoka pembezoni mwa jiji. Hakuwa na sauti ya ugomvi. Alisema katika zahanati ya mtaani kwao mwanamke anayekwenda kujifungua hutakiwa kubeba maji yake, ndoo mbili, na kwamba yeye alimsindikiza mkwe wake usiku, huyu mgonjwa, yeye kabeba ndoo kichwani. Kisha akasema, "Nami nataka kuuliza, zile fedha za kisima tulizotangaziwa, aliyezichukua ni…"

Nikakata laini.

Hakuna aliyeniagiza, msikilizaji. Simu ya mkurugenzi haikulia, askari hakuwapo mlangoni, fundi mitambo alikuwa anakunywa chai. Kidole changu ndicho kilichokwenda kwenye kitufe, chenyewe, kama kinavyofumba jicho vumbi likirushwa. Nikasema, "Aa, laini imekatika, tunaomba radhi, tuendelee na muziki." Nilitamka uongo huo kwa sauti nzuri ya stashahada. Yule mama hakupiga tena.

Jioni yake nilimweleza mke wangu. Akaniuliza kwa nini. Nikasema, "Unajua hali ilivyo." Yeye akasema, "Hali ipi? Alikuwa anauliza habari ya kisima."

Katiba inayo ibara ya 18 inayompa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake. Naijua kwa moyo, niliifanyia mtihani. Mwaka 1958 mtu alilipishwa shilingi 3,000 kwa kuandika, na hakuwa na ibara. Mimi ninayo, na nilikata simu kabla hata jina halijatajwa. Kwa hiyo maana yangu ya uhuru, nikiisema kwa ukweli, ilikuwa ni kitu cha kutunzwa kabatini ili kisichafuke. Wengi wa rika langu tuko hivyo. Tunautetea uhuru katika warsha, tena kwa ufasaha, na posho tunasaini.

Ndiyo maana swali la binti yangu lilinichoma. Nimekuwa mmoja wa wale wanaosema vijana wa siku hizi wanadhani uhuru ni kufanya utakavyo. Nimelisema hilo katika kipindi hiki hiki, si mara moja. Simu yake ina namba ya siri ambayo mimi baba mzazi siijui. Akitaka kunyoa anyoe, akitaka kusuka asuke, na ukimwuliza anakwenda wapi hukujibu kwa adabu lakini hukujibu kamili. Kwake uhuru unaanza na yeye mwenyewe, ngozi yake na simu yake. Babu asingeuelewa uhuru wa namna hiyo. Angeuita upweke.

Lakini ilipofika tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, nilimwona mtoto huyu kwa macho mengine. Palitokea ghasia, na jioni ile jiji likawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Watu walipoteza maisha, na mwezi uliofuata Serikali iliunda tume ya kuchunguza, nami sitaisemea tume kazi yake. Tisa Desemba ya mwaka huo sherehe zilifutwa. Nakusimulia yaliyokuwa sebuleni kwangu tu. Baba yangu, alikuwa kwetu siku hizo, aliketi kimya na redio yake ndogo, akasema, "Yatapita." Mimi nikazungukazunguka nikihesabu unga na mafuta ya taa. Binti akaitazama simu iliyokufa mkononi mwake, akauliza, "Nani aliulizwa?"

Nikadhani sikumsikia. Akarudia. "Kabla ya kuzima, nani aliulizwa? Babu aliulizwa? Wewe uliulizwa?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu aliyekuta mgeni amekaa kwenye kitanda chake. Na mimi nikatambua kwamba katika nyumba ile wanaume wawili wazima, mmoja aliyepanda lori na mwingine aliyekata simu, hawakuwa wamefikiria hata kidogo kwamba walistahili kuulizwa. Baba alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu. Akaipunguza sauti redio, jambo ambalo huwa halifanyi kwa ajili ya mtu.

Nisimsifu mno, akasikia akavimba kichwa. Nina ugomvi naye, na niliuweka wazi siku ile ya sanduku. Nilimwonyesha ukurasa wa ada. Nikamwambia, kuli huyu alikuwa na njaa kuliko wewe, na kila mwezi alitoa. Wewe unatoa nini? Mkutano wa mtaa wetu uliopita tulihudhuria watu 14, na mdogo kuliko wote alikuwa mimi, ambaye mvi zimeanza. Palizungumzwa mtaro unaoingiza maji katika chumba chake yeye huyo binti kila masika. Hakuwapo. Alikuwa chumbani, huru.

Akanijibu kwamba mkutano ule uliitishwa kwa tangazo la karatasi lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtaa siku moja kabla, saa nane mchana, siku ya kazi. Akauliza kama TANU waliitisha mikutano yao namna hiyo. Baba akacheka tena. Akasema la, wao walipitisha habari kwenye vijiwe, kwenye ngoma, sokoni, na kwa wanawake waliokwenda kuchota maji bombani, na kwamba bibi yangu ndiye aliyekuwa akipeleka habari hizo mtaa wao wote akiwa na ndoo kichwani. Sikuwa nimeijua habari hiyo. Binti akaomba asimuliwe zaidi, nao wakaendelea wawili mpaka magharibi. Mimi nikabaki na lile koti la kaki.

Kadi ameichukua yeye. Ameiweka ndani ya jalada la nailoni, na jibu la swali lake bado hajapata kutoka kwangu kwa namna inayomridhisha. Ameniuliza tena juzi. Nimemwambia asikilize kipindi cha leo.

Sasa nina ombi moja, halafu nikuachie. Kuanzia Jumapili ijayo, nusu saa ya mwisho ya kipindi hiki laini zitakuwa wazi, na nimemwomba fundi mitambo kile kitufe kikae upande wake wa kioo, si upande wangu. Amekubali, ingawa ameguna. Mama uliyepiga simu mwaka 2017 habari ya ndoo na kisima, jina lako sikulipata na namba yako haikuhifadhiwa. Huenda kisima kilichimbwa, huenda hakikuchimbwa. Laini yako siku ile haikukatika. Kama unanisikia, namba ya studio itasomwa mara tu baada ya mazungumzo haya, na ulikuwa umefika kwenye neno "ni."